Somo na Ua Lisilonukia

Somo yangu alikuwa hapendi maua yake yasifiwe yakiwa yanasikia. Ukipanda kwake ghorofani ukatia mguu ukumbini ukasema, "Mrehani huu umependeza, mashaallah," alikukata jicho, akakushika mkono mpaka jikoni, na huko ndiko ulikoruhusiwa kumaliza maneno yako. Alidai kwamba mmea ukisifiwa unabweteka. Mara moja nilimwambia kuwa mimea haina masikio. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Na wewe siku zile nnakufunda ulikuwa nayo?"

Nilimwita Somo kwa haki. Yeye ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, akanifunda tena nilipoposwa, na siku ya harusi yangu alikaa mlangoni mwa chumba amekunja uso kama askari wa zamu. Lakini mtaa wetu wote ulimwita hivyo, wanaume kwa wanawake, maana wake zao na dada zao walipita mikononi mwake mmoja baada ya mwingine. Jina lake ninalijua. Sitaliandika, kwa kuwa alikuwa hapendi kutajwa, na hata sasa sina ujasiri wa kumuudhi.

Nilipoolewa, mume wangu alipata vyumba katika nyumba ile ile, chini ya ghorofa yake. Mimi sikuomba bahati hiyo. Mtu aliyekufunda akikaa juu ya kichwa chako, sufuria haianguki bila yeye kujua umekasirika na nani. Mlango wa kati, baina yetu na yeye, ulikuwa wa bibi mmoja mjane aliyekuwa hawezi kupata usingizi bila kufukiza udi. Basi ndio sisi, milango mitatu na ngazi moja ya mawe.

Mimi si mtu wa maua. Nasema mapema ili ijulikane. Kwangu mmea ni mchicha. Hata hivyo nilipanda ngazi ile kila siku, kwa sababu Somo alikuwa na maneno, na miaka ile baada ya Mapinduzi watu wenye maneno walikuwa wachache. Wengi walishajifunza kunong'ona hata wakizungumzia muhogo.

Alipanda kila kitu kwenye makopo: makopo ya samli, ya maziwa ya unga, debe lililokatwa katikati. Asumini zilipanda kamba hadi kwenye boriti. Mkilua, ambao kila mtu alimwambia hauwezi kukaa ndani ya nyumba, ulikaa ndani ya nyumba na kuchanua, kwa kutishiwa nadhani. Alikuwa akiutukana. Nilimsikia asubuhi moja akiuambia, "Unakula, unakunywa, unalala. Hata mume mvivu huleta samaki siku moja moja." Kwa wari wake, wasichana aliowafunda, alikuwa hivyo hivyo. Alifinya, alisimanga, na msichana akilia alimpa leso na kuendelea alipoishia.

Tena mchoyo. Asumini zake hazikuuzwa, na hazikutoka kwenda harusi ambayo yeye si somo wa bibi harusi. Wanawake walimbembeleza, walimletea halua, wakashuka ngazi mikono mitupu. Lakini akifa mtu, awe nani, tajiri au hamali wa Darajani, hakungoja kuombwa. Alichuma mpaka matumba ya kesho, akayafunga kwenye kitambaa na kuyapeleka mwenyewe kwenye nyumba ya msiba. Nilimuuliza kwa nini walio hai wanyimwe. Akasema walio hai wana pua mbovu, wanachagua.

Kwetu, ua ni harufu. Hili mgeni halijui na sisi hatulisemi. Asumini na rehani hufungwa kikuba, kishada kidogo cha kuchomeka kwenye nywele au kifuani, na mwanamke hupita kichochoroni ukajua amepita hata kama hukumuona. Ua ni la kitandani, la nguo, la maiti. Ua lisilonukia ni jani tu.

Ndiyo maana sote tulishangaa alipolipokea lile la mama wa Kigoa.

Mama huyu alikuwa mshonaji wa magauni, jirani yake wa miaka mingi, na mwaka ule wa sitini na nne alifunga masanduku yake akaondoka. Siku ya kuondoka alipanda kwa Somo na kitu kimefungwa kwenye gazeti: majani mapana manne yaliyolala kwa uvivu, na mizizi minene ya kijivu iliyong'ang'ania kipande cha kumbi la nazi. Okidi, alisema. Kaka yake baharia alimletea. Likichanua huwa jeupe, na halinukii kabisa. Walilia pamoja, nikawasikia mpaka chini.

Somo alianza kwa kuliua. Alilitia kwenye kopo lenye udongo mzuri na samadi, akalimwagia maji kama anavyomwagilia mrehani, na baada ya muda mizizi ikaoza na jani moja likadondoka. Alipolitoa lilikuwa linavunda. Alikaa chini ukumbini, akakata mizizi mibovu yote kwa wembe, akapaka mdalasini wa unga kwenye kila jeraha, akalirudisha kwenye kumbi tupu ndani ya kopo lililotobolewa pande zote. "Nimefunda wari wengi," aliniambia bila kuinua uso, "sijapata kumlisha mmoja mpaka akaoza." Tangu hapo hakulitukana. Ndilo peke yake aliloliogopa.

Mmea ule ulitaka mwangaza lakini si jua, na nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, jua likiingia dirishani huingia ghafla na kuchoma. Nyumba yetu ilikuwa ya pembeni. Dirisha moja la Somo lilitazama kichochoro, la pili lilitazama uwanja. Basi asubuhi kopo lilikaa dirisha la kichochoroni. Jua lilipofika kwenye kizingiti, aliliondoa. Baada ya adhuhuri alilipeleka dirisha la uwanjani, na magharibi alilirudisha ndani. Alitia alama ya wanja kwenye kopo, wanja ule ule wa macho, ili upande mmoja ndio uangalie nje daima na mmea usijipinde shingo. Miaka mitatu hivi alifanya hivyo na mmea haukumlipa hata tumba moja. Kisha kipupwe kimoja kikatoka kikonyo, chembamba, chini ya jani la pili. Hakumwambia mtu. Mimi nilikiona, akanivuta mpaka jikoni.

Sasa bwana wa kamati ya mtaa alikaa ng'ambo ya kichochoro, kwenye nyumba iliyotokeza uwanjani, inayoyaona madirisha yote mawili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliotutisha. Aliuliza swali akangoja. Miezi ile watu walikuwa wakitoroka kwenda bara bila ruhusa, na kila waliotoroka waliacha nyuma yao mtaa unaoulizwa maswali. Siku moja familia ya nyumba ya pili nayo haikuonekana. Mlango ulikuwa na kufuli, na kuku wao walikuwa uani wakilia njaa.

Siku hizo Somo alikuwa kijijini Bwejuu kumfunda mwari. Kopo alikuwa ameliacha katikati ya ukumbi, salama mbali na jua, na madirisha yote mawili yalikuwa matupu. Kwa muda mrefu bwana yule aliliona kopo likienda na kurudi. Siku halikuonekana, watu wakatoroka. Alijumlisha mwenyewe kwamba kopo ni ishara ya watoroshaji.

Alikuja mkesha wa Ramadhani, alasiri. Nilikuwa juu, nachambua mchele wa foleni, uliojaa mawe.

"Bibi, kopo hili mbona linahamahama?"

"Linafuata mwangaza," Somo akajibu.

"Na mengine?"

"Mengine hayana maringo."

"Ni ua?"

"Ua."

"Linanukia vipi?"

"Halinukii."

Bwana akatazama asumini, akatazama mkilua, akarudi kwenye kopo. "Ukumbi umejaa maua yanayonukia, na hukuyahamisha hata moja. Unalihamisha lisilonukia. La nini?"

"La kutazama."

"Linatazamwa na nani?"

Mchele uliokuwa mkononi mwangu ulinimwagikia miguuni na hakuna aliyegeuka.

Bwana akasema kwa sauti ile ile ya taratibu kwamba kuanzia kesho Somo atafika ofisini kwake kila asubuhi na kukaa mpaka baada ya alasiri, afikiri vizuri. Kama kweli ni ua, litachanua. Sikukuu ikifika hakuna ua, basi atakwenda ndani, na huko wapo wenye kuuliza vizuri zaidi yake. Kisha akanyoosha mkono alichukue kopo.

Somo akasimama mbele yake. "Nichukue mimi sasa hivi," alisema. "Kopo liache. Ukilitikisa matumba yatapukutika, na mimi ntafungwa kwa mkono wako wewe, si kwa kosa langu."

Bwana akashusha mkono. Nadhani alipenda kulihesabu hilo kuwa ni haki. Na hapo hapo, mbele yake, Somo akanigeukia mimi.

"Mwanangu, jua likifika kizingitini litoe. Baada ya adhuhuri liweke kule. Alama ya wanja iangalie nje. Usilishike shingo, shika kopo."

"Naam, Somo," nikasema. Bwana wa kamati alinitazama kwa muda, kama anayejifunza uso wangu, kisha akashuka.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, na karani wa bandarini siku zile alikuwa anaogopa hata kuitwa na rafiki yake kwa sauti. Nilipomwambia, hakula.

"Kopo lile ndilo kesi yenyewe. Ukilishika, umeingia."

"Lisiposogezwa halichanui."

"Na likisogezwa watasema sasa mko wawili. Hebu fikiri. Unataka nikalale ndani kwa ajili ya jani?"

Alikuwa na haki. Wala sikulisogeza kwa ushujaa. Nililisogeza kwa hasira. Mwanamke aliyenifunda kuoga, kuvaa, kusema na kunyamaza alikuwa amekalishwa kwenye benchi na funga yake, aeleze kwa nini anapenda kitu. Nilipanda ngazi siku ya kwanza ya mfungo, nikalishika kopo kwa mikono miwili, nikaliondoa dirishani. Dirisha la ng'ambo lilikuwa wazi, na ndani mna giza kiasi kwamba huwezi kujua kama yuko mtu. Adhuhuri nilirudi tena. Dirisha lilikuwa wazi vile vile. Ndivyo lilivyokuwa mwezi wote, na mimi nilijifunza kutembea ukumbini kwa Somo kama mtu anayepita mbele ya wakwe.

Yeye alirudi kila alasiri, amechoka, midomo imekauka. Hakuniambia anaulizwa nini. Alivua buibui, akaenda moja kwa moja kwenye kopo, akahesabu matumba kwa macho, ndipo akatawadha. Yalikuwa matano, ya kijani, madogo kama punje za mtama, na kila siku yalitaka kuwa makubwa lakini hayakuwa na haraka yetu. Mume wangu alianza kuuliza kwenye futari, bila kunitazama, "Limefikaje?" Nilipomsikia akiuliza nilijua anahesabu naye.

Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa tumba moja liligeuka manjano, na asubuhi likawa chini, juu ya sakafu. Somo aliliokota, akalinusa. Alikuwa na pua ya ajabu. Akashuka ngazi bila ya buibui, kwa kanga tu, akabisha kwa bibi wa mlango wa kati.

"Shoga yangu, ulifukiza udi jana?"

"Kila usiku nnafukiza, na usiku wa Ijumaa nnazidisha, wewe wanijua."

"Moshi umelitupa tumba langu."

Huyu ni mwanamke aliyefundisha Unguja nzima kufukiza nguo. Alimwomba yule bibi asichome udi mpaka Sikukuu, na akaja kwangu akaniomba mimi, akashuka mpaka kwa watu wa barazani. Ramadhani bila udi! Kwetu ni kama futari bila tende. Nilidhani watamcheka au, vibaya zaidi, wataogopa. Bibi wa kati alisimama mlangoni mwake, akafikiri, akasema, "Ntalala macho basi." Na alilala macho. Mwezi ule nyumba yetu ilinuka mafuta ya taa na samaki, na kila aliyepanda ngazi alijua sababu na hakuitaja.

Yalibaki matumba manne. Kumi la mwisho likaingia. Yalikuwa yamevimba, meupe kwa mbali, yamefumba. Somo alianza kuaga bila kusema anaaga. Alinionyesha ulipo ufunguo wa sanduku la sanda yake. Alinifundisha kukata asumini ili zichipue. Nilimkasirikia, nikamwambia mimi si mtu wa maua. Akasema, "N'najua. Ndiyo maana nnakufundisha polepole."

Siku ya mwisho, mwezi unatazamiwa kuandama jioni ile, nilipanda baada ya adhuhuri na tumba la kwanza lilikuwa limefunguka. Jeupe. Pana kuliko kiganja cha mtoto, limetulia, halina harufu yoyote. Nililipeleka dirisha la uwanjani kwa mwendo ambao sijawahi kumbebea hata mwanangu, nikakaa chini ya dirisha nikalia mpaka alasiri. Sikulia kwa uzuri wake. Nililia kwa sababu lilikuja.

Walipanda pamoja, Somo mbele, bwana wa kamati nyuma. Bwana aliliendea ua, akainama, akanusa. Akanusa tena, karibu zaidi, pua yake ikagusa ua.

"Halinukii," alisema.

"Nlikwambia."

Nilimuona bwana akitafuta kosa na asilipate, na nilimuogopa kuliko siku zote. Kisha akatoa kisu cha mfukoni, akakikata kikonyo chote, ua lililofunguka na matumba yaliyofumba, akalishika kama mtu anayeshika kibiriti kinachowaka.

"Nalipeleka wakaone," alisema. "Kesho usije. Sikukuu njema, bibi."

Alipokwisha kushuka nilitaka kumkumbatia Somo. Alinisukuma. Alikwenda jikoni akarudi na mdalasini, akapaka mahali palipokatwa kwa kidole cha kati, taratibu. Kisha akaliweka kopo katikati ya ukumbi, mbali na madirisha yote mawili. Hakulisogeza tena. Lilikaa hai, likatoa jani moja moja, jembamba na refu, linaloelekea upande wa mwangaza. Halikuchanua.

Miaka ya sabini ilipoanza sisi tulikuwa tumehamia Kikwajuni. Nilikwenda kumtazama siku moja baada ya adhuhuri, na watoto wangu nimewaacha kwa jirani. Alikuwa amepungua mwili, ulimi bado.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umenenepa. Alhamdulillahi, lakini inatosha."

Tulikuwa hatujamaliza hata chai ilipopigwa hodi. Alikuwa bwana wa kamati. Kamati alishaiacha, alisema hivyo kabla ya kuulizwa, na nywele zake zimeota mvi. Alikaa ncha ya kiti. Binti yake ameposwa, alisema, na mama wa binti anataka afundwe na Somo, hataki mwingine. Alisema "Somo", kama watu wote.

Nilitaka kumtupia kikombe. Somo alimimina chai nyingine, akampa.

"Lile ua," alisema. "Ulilipeleka kwa nani?"

Mtu yule alikiweka kikombe chini. "Sikulipeleka."

"Ulisema wakaone."

"Hapakuwa na aliyeniagiza, Somo. Mimi ndiye niliyeliona kopo. Nikaogopa, kama mimi nimeliona, na mwengine kaliona. Akija kuniuliza kwa nini nimenyamaza, ntasema nini?" Alifuta paji la uso. "Nililitia kwenye gilasi ya maji, chumbani."

Mwezi mzima. Benchi, funga, mume wangu asiyekula, nyumba bila udi, ufunguo wa sanduku la sanda, na nyuma yake hapakuwa na mtu ila huyu, na woga wake. Nilimwambia hivyo, na sikusema kwa upole. Somo alinyoosha mkono kuninyamazisha, kama zamani.

"Lilidumu?" akamuuliza.

"Na matumba yote yalifunguka. Karibu mwezi wote wa Mfungo Mosi, baada ya Sikukuu."

Somo alitikisa kichwa. Macho yake yalilowa, na hakuyafuta. "Binti yako ntamfunda," alisema. "Yeye hakukosa kitu. Lakini kwanza lichukue kopo hilo, ulipeleke dirisha la kichochoroni."

Bwana aliinuka. Alilishika kopo kwa mikono miwili, akalibeba mpaka dirishani, na pale akasimama. Chini watu walikuwa barazani wakizungumza. Ng'ambo dirisha la nyumba yake lilikuwa wazi, na ndani mna giza. Alilitazama lile giza na kopo limemganda mikononi, jasho likimtiririka shingoni, na hakuweza kunyoosha mikono kuliweka.

"Weka, mwanangu," Somo akamwambia. "Kule hapana mtu. Wewe uko huku."